Kushusha kwa Hesabu ya Tano

Ghalani walimwita Winchi, na aliyempa jina hilo hakukosea. Kwa miaka thelathini na moja mtu huyu alibeba magunia ya kilo mia kutoka kwenye malori hadi ndani ya ghala, kisha akarudi mbiombio kufuata jingine kana kwamba mtu angemnyang'anya. Vijana wenye vifua vilivyotuna walikuja wakamtazama siku ya kwanza kwa dharau, siku ya tatu kwa heshima, na siku ya saba wengi wao hawakuonekana tena. Yeye alikuwepo. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye shingo nene na uso wa mtu mpole asiyependa maneno mengi.

Lakini kazi ya kuli ina jambo moja ambalo mtu wa nje halioni hata akisimama hapo kutwa. Kuli wa kubeba hainui gunia. Kuna wawili wanaosimama juu ya lori, hao ndio wainuaji. Wanalishika gunia pembe kwa pembe, wanahesabu, wanamwekea begani. Wala halishushi. Akifika kwenye rundo anainamisha bega, anajitoa chini yake, gunia linaanguka lenyewe, puu! Huko ndiko kubwaga, na kubwaga vizuri ni ufundi, maana gunia likitua upande rundo zima linapinda. Winchi alibwaga vizuri kuliko wote. Sasa fikiria: miaka yote hiyo, maelfu kwa maelfu ya magunia, na hakuna hata moja alilowahi kuliweka chini taratibu. Ya nini? Gunia halisikii maumivu.

Jambo hili halikuwahi kumsumbua mpaka mkewe alipopigwa na kiharusi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe alimwita hivyo mbele za watu. Wakiwa peke yao alimwita mama, naye akaitwa baba, kama watu waliokwisha zaa, wakalea, wakabaki wawili. Waliishi vyumba viwili ghorofa ya tatu. Cherehani ilikaa dirishani penye mwanga, meza ya kukatia pembeni, na futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake toka asubuhi hadi wakati wa kulala. Siku moja mkasi ulimponyoka, akainama kuuokota, hakuinuka. Alikaa hospitali wiki tatu. Alirudi upande wa kushoto umelegea na maneno yakimtoka mazito, yakichelewa njiani, ingawa akili ilikuwa ile ile na utani ule ule.

Siku ya nne tangu arudi, Winchi alitaka kumtoa kitandani akae kwenye kiti karibu na dirisha. Alimwinua bila shida yoyote. Kilo hamsini na nane ni kitu gani kwake? Akavuka chumba kwa hatua tano, akafika kwenye kiti, akaanza kuinama. Na hapo, zikiwa zimebaki shubiri mbili tu, mwili wake ukafanya kile ulichozoea kufanya tangu ujana. Bega likainama, mikono ikaachia. Hakuamua, wala hakujua mpaka lilipokwisha tokea. Fundi aliangukia ukingo wa kiti, kiti kikapinduka, akalala sakafuni nguo imempanda magotini, na Winchi amesimama juu yake mikono mitupu.

"Si kitu," Fundi akasema.

Palikuwa na kitu. Nyonga ilivilia damu, ikawa nyeusi, doa pana kuliko kiganja. Lakini si doa lililommaliza Winchi. Kesho yake alipomwinamia tena, mkewe alifumba macho akauma meno. Hakukataa, alijikaza tu kama mtu anayesubiri sindano. Winchi akarudi nyuma, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia. Nasema alilia, na anayetaka kucheka na acheke. Mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na mitatu alikuwa anaiogopa mikono yake.

Tangu siku hiyo Fundi hakutoka kitandani. Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mwongeaji ajabu aliyepewa jina la Kasuku, alikuja kila asubuhi kumwosha na kumgeuza, huku akimpasha habari za jengo zima. Habari zenyewe zikafika mbali, maana haukupita muda binti yao akapiga simu. Binti alikuwa mwalimu katika mji mwingine, safari ya siku nzima.

"Baba, simlaumu mtu," alisema. "Ila mama hawezi kukaa hivyo, anatazama dari kutwa. Nyumba yangu haina ngazi, na nina mtu wa kunisaidia. Shule zikifungwa nakuja kumchukua."

Shule zilikuwa zifungwe baada ya wiki kumi na tatu. Winchi aliweka simu mezani, akamgeukia mkewe.

"Umesikia, mama. Unataka kwenda?"

Fundi alichukua muda kuyapanga maneno. "Sitaki. Hapa ndipo kwangu." Akapumzika. "Lakini sitaki kubwagwa tena."

Basi mambo yakawa hayo mawili, na katikati yake wiki kumi na tatu.

Kliniki ilikuwa na mtaalamu wa viungo aliyepita nyumbani kwa wagonjwa, msichana mwembamba wa miwani, umri wa binti yao. Walimwita Daktari ingawa aliwaambia mara tatu kwamba yeye si daktari. Alipokuja wiki hiyo, Winchi alimngoja mpaka amalize kumnyoosha Fundi mkono na mguu, kisha akamweleza kisa chake akitazama sakafu. Alitaraji kugombezwa. Binti wa watu hakumgombeza, alimwambia avue shati asimame na mgongo ukutani.

"Mzee, chuchumaa na ndoo hii. Lita ishirini. Sasa iweke chini kwa hesabu yangu, ifike sakafuni nikisema tano. Moja. Mbili..."

Ndoo ilitua kwa kishindo kwenye mbili, maji yakamwagika hadi chini ya kitanda. Wakajaribu tena, ikatua kwenye mbili na nusu. Winchi akatazama mikono yake kama inayomtania. Lita ishirini! Yeye!

"Nguvu unazo, tena za kutisha," Daktari alisema. "Ila ni za kusimama chini ya mzigo. Za kuuinua toka sakafuni ni chache, za kuushusha karibu huna. Na bega lako la kulia limeshuka chini ya la kushoto."

"Vidole viwili," sauti ikatoka kitandani.

Wote wawili wakageuka. Fundi alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Namshonea hivyo toka mwaka wa tano wa ndoa. Bega la kulia nalikata chini... vidole viwili. Mkono wa kulia mpana zaidi. Mgongoni naweka pande la ndani upande wa kushoto, ili asionekane amepinda. Chukua shati, likunje katikati."

Winchi alichukua shati lake jeupe la kutokea, akalitandaza kitandani, akalikunja mshono kwa mshono. Nusu mbili hazikulingana hata kidogo. Akachukua jingine, la bluu. Vile vile. Akafungua kabati akayatoa yote, hata la siku ya mahafali ya binti yao, akayakunja moja moja, na kila moja lilimwambia jambo lile lile. Miaka yote alijiona mtu aliyenyooka. Alipita barabarani amenyooka, alipiga picha amenyooka, na kumbe kunyooka kwenyewe kulikuwa kazi ya sindano ya mwanamke huyu aliyelala hapa, ambaye hakuwahi kufungua mdomo kumwambia. Akaketi ukingoni mwa kitanda mashati yamemjaa mapajani. Kuna watu wanatembea mbali kwenda kuona maajabu, na ajabu lake lilikuwa limekaa kabatini kwake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini?" Fundi akajibu. "Ungebeba kwa kichwa?"

Daktari alisahau hata saa yake. Aliwaeleza kwamba mwili una kazi zake kubwa chache: kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa na kusimama, kuinama kwa nyonga na kuinuka, kubeba, na kukaza kiwiliwili kisiyumbe. Mtu akizifanya zote siku tatu kwa wiki, zote siku ile ile, mwili mzima unakua pamoja. "Wewe mzee umefanya kubeba peke yake, tena upande mmoja," alisema. "Nitakupangia."

"Umpangie wewe?" Fundi akadakia. "Nipe karatasi. Ile ya kukatia."

Winchi akaitoa karatasi ya kaki, akamwekea ubao magotini, akamtilia chaki mkononi. Mkono wa kulia ulikuwa mzima kabisa. Daktari akawa anasema, Fundi anachora, na kila alichoambiwa alikipima kwa kipimo chake. Nguo haikatwi mbele tu, alisema. Ukizidisha mbele, mgongo unavuta. Kwa hiyo pakiwa na kusukuma meza mara nane, pawe na kuvuta ndoo kuja kiunoni mara nane. Pakiwa na kuchuchumaa, pawe na kuinama. Mizunguko mitatu, hakuna kazi inayopewa zaidi ya mwenzake. Kushoto kuanze, kulia kufuate, na pale kushoto kutakapochoka, hesabu ya kulia iishie hapo hapo, hata kama bado kuna nguvu za kumwaga. Kila mzigo unaopanda ushuke kwa hesabu ya tano. Kila wiki ndoo iongezwe maji kidogo, na alama zipigwe kwa chaki. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa kumi akitoka kazini.

"Na siku za katikati?" Winchi akauliza.

"Unapumzika," Daktari akasema.

"Mimi?"

"Ndipo misuli inapojengwa. Ukiwa umelala."

Winchi akacheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka utani wa mgeni.

Nawaambia, hakuna mtu mgumu kumpangia mazoezi kama kuli. Mazoezi ya nini, wakati kutwa nzima ni mazoezi? Na mtu wa ghalani kosa lake ni moja: kwake kazi ni idadi, mwenye nyingi ndiye bingwa. Jumatatu alifuata karatasi. Jumanne, siku ya kupumzika, alifanya yote mara mbili huku Fundi amesinzia. Jumatano mara tatu, na kulia kukapewa zaidi kwa sababu kulikuwa kutamu. Alhamisi alipoinama kuchukua ndoo tupu, ndoo tupu kabisa, mgongo ukakaza kama umefungwa kwa nati. Akashuka taratibu kwa magoti, kisha kwa ubavu, akabaki sakafuni kando ya kitanda.

"Baba?"

"Nipo."

"Wapi?"

"Chini."

"Unaweza kuinuka?"

"Hapana."

Fundi akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti aliyokuwa hajaitoa tangu siku ya mkasi, akacheka mpaka machozi yakamchirizika masikioni, na Winchi naye akashindwa, ingawa kila kicheko kilimchoma kiunoni. Wakalala hivyo, mmoja juu mmoja chini, wote wanatazama dari.

"Sasa," Fundi akasema alipopata pumzi, "nani atambeba nani?"

Kasuku alipofungua mlango kesho yake asubuhi aliwakuta wagonjwa wawili, na hiyo ilimtosha kwa maongezi ya mwezi mzima.

Siku sita Winchi hakufanya lolote ila kulala na kutembea kidogo chumbani. Na wiki zilikuwa zinakwenda. Aliporudi kwenye karatasi alirudi mnyenyekevu. Fundi alitaka asogeze meza hadi mbele ya kitanda, na tangu hapo akawa yeye ndiye mwenye kuhesabu. Winchi hakuruhusiwa kuhesabu hata moja. Mwanzoni hesabu zilitoka nzito, "mbili" ikipotelea kwenye shavu lililolegea, na kwa kuwa Winchi hakuweza kushusha kabla namba haijatoka, alibaki ameshika ndoo hewani, mikono inatetemeka, jasho linamtoka puani, akisubiri ulimi wa mkewe umalize kazi yake. Kila mmoja alimvuta mwenzake. Wiki ya tano namba zilitoka moja moja, safi, kama za mwalimu wa hesabu. Daktari alizisikia tangu akiwa kwenye ngazi, akasimama nje ya mlango kwanza, asibishe hodi.

Ghalani ilikuwa vituko. Winchi aliomba kupandishwa kwenye lori awe mwinuaji. Winchi! Ni sawa na nahodha kuomba kufagia sitaha. Msimamizi alidhani amekorofishana na mtu. Alipokuwa kwenye zamu ya kubeba alitaka gunia moja kulia, moja kushoto, na akifika kwenye rundo aliinama kulilaza polepole, mstari wote nyuma yake umesimama na mizigo mabegani.

"Winchi, unalibembeleza!" Ndevu, mwenzake wa siku nyingi, akapiga kelele. "Liimbie basi lilale!"

Wakavunjika mbavu. Winchi alisubiri wamalize, akasema, "Ndevu, njoo uweke hili chini kwa hesabu ya tano." Ndevu akaja kwa mikogo, akashusha, likamponyoka kwenye tatu. Akajaribu tena. Wakaja wengine. Mchana ule ghala zima la wanaume wenye shingo kama magogo liligundua kwamba hakuna hata mmoja anayeweza kuweka kitu chini. Vicheko vikapungua. Ndevu alikaa juu ya gunia akitafakari, akasema kwa sauti ndogo kwamba nyumbani mjukuu wake hulia kila akimlaza, na yeye alikuwa akidhani mtoto hampendi tu.

Wiki ya saba ikaja siku ambayo Winchi hakuisahau. Ndoo ilikuwa imejaa pomoni, ameishika kwa mkono wa kushoto peke yake. Fundi akahesabu. Moja, mbili, na Winchi akasikia kitu nyuma ya bega la kushoto, kitu kipana kilichoshika na kuachia kidogo kidogo kwa utii. Hakukijua. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na sehemu ya mwili wake mwenyewe ilikuwa inamwamkia kwa mara ya kwanza. Tano. Ndoo ikagusa sakafu, na maji hayakutikisika. Alibaki amechuchumaa akiyatazama. Uso wake ulikuwa humo ndani, umetulia tuli, umekamilika. Alipigwa na butwaa kabisa, na kwa nini asipigwe? Tunazaliwa na vitu hivi, tunazeeka navyo, tunazikwa navyo, na wengi wetu hatujui kama vilikuwepo.

"Mama, nadhani niko tayari," akasema.

"Bado," Fundi akajibu.

"Maji hayakutikisika."

"Maji si mimi." Akaelekeza kidevu dirishani. "Shusha cherehani."

Cherehani ile ilikuwa ya chuma kitupu, ya mama yake mzazi, na kwa miaka yote Winchi hakuruhusiwa hata kuifuta vumbi. Aitoe mezani, Fundi akasema, aiweke sakafuni, yeye akiwa amefumba macho. Akisikia sauti, basi bado.

Akasikia. Jumatano akasikia tena. Ijumaa Winchi aliapa haikutoa sauti, na Fundi akamwambia, "Mguu wa nyuma wa kulia umegonga," na ilikuwa kweli, maana bega lile la kulia bado lilitaka kutangulia. Wiki ya nane ikapita, ya tisa ikapita. Winchi hakununa. Alianza kuelewa kwamba mkewe hasikilizi cherehani. Alikuwa amelala pale, macho amefumba, anaipima mikono ile iliyomwangusha, na hakuwa na haraka, kwa sababu hakuwa na mwili mwingine wa kujaribia.

Jumatano ya wiki ya kumi aliiinua tena. Hesabu hakuna, Fundi amefumba macho tu. Chini barabarani mtu alikuwa akiburuta lango, halafu kukawa kimya. Kimya kikaendelea. Kikaendelea mpaka Fundi akakunja uso.

"Mbona hushushi?"

Fundi akafungua macho. Cherehani ilikuwa sakafuni, miguu yote minne, na mumewe amepiga magoti mbele yake, mikono ameiweka mapajani, kama mtu aliyemaliza zamani.

Fundi aliitazama muda mrefu. Kisha akamtazama mumewe, macho yamemjaa maji. "Toka lini?" akauliza. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeona kitu kikubwa kikipita karibu yake bila kumgusa.

"Sasa hivi, ulipokuwa unangoja."

"Haya," akasema. "Nibebe mpaka kitini."

Akambeba. Hatua tano zile zile. Alipoanza kushusha, mkewe alifumba macho, na meno akayauma kidogo, nisiwadanganye. Hofu ya mwili haitoki kwa siku moja. Alikaa kitini robo saa, akaona barabara, akaomba kurudi. Kesho yake wakarudia. Kila siku wakarudia, hata za mapumziko, na Daktari akasema hayo si mazoezi, hayo ni maisha. Lakini macho aliendelea kuyafumba, na Winchi aliendelea kuyaona yakifumbwa.

Shule zikafungwa. Binti alifika Jumamosi asubuhi, akapanda ngazi akihema, akamkumbatia mama yake akalia, akamwamkia baba yake akalia tena. Halafu akafungua kabati akaanza kupanga begi. Alikuwa mtoto mzuri, na watoto wazuri ni wagumu kuwakatalia. Alitazama karatasi ya kaki ukutani, akasoma kuchuchumaa na kuvuta na kushoto kuanze, akaona huruma ya aina ile inayokata moyo.

"Baba, najua umejitahidi. Lakini kitini na kurudi kitandani si kutoka nje. Kuna ngazi hamsini na nne pale, nimezihesabu. Ikitokea hatari je? Mimi nitalala vipi?"

Winchi hakuwa amewahi kushuka naye ngazi, na kila mtu chumbani alilijua hilo. Akamtazama Fundi.

"Begi tangulia nalo chini," Fundi akamwambia binti yake, kila neno safi. "Na kiti. Sisi tunakuja."

Binti hakuelewa kama hayo ni kukubali ama kukataa. Akachukua begi mkono mmoja, kiti mkono mwingine, akashuka. Winchi akachuchumaa kando ya kitanda, akapitisha mkono mmoja chini ya magoti ya mkewe na mwingine mgongoni, akasimama. Uzito ulikuwa mdogo. Ulikaa kote, mgongoni, mapajani, tumboni, mabega yote mawili, hakuna pahali palipolalamika kubeba zaidi. Akaanza kushuka. Kila ngazi ilikuwa ni mguu mmoja kushusha watu wawili, polepole, na mguu mwingine kufuata. Ghorofa ya pili mlango ulifunguliwa, mtu akachungulia, akaurudisha kimya kimya. Fundi alimshika shingoni, na Winchi alisikia moyo wa mkewe unavyokimbia. Ngazi ya mwisho jasho lilikuwa limemfika kwenye kope.

Nje jua lilikuwa kali. Binti alikuwa ameweka kiti karibu na ukuta, begi miguuni pake, amejiziba mdomo kwa mikono. Kasuku alikuwa amesimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kusema. Winchi akakifikia kiti, akapanga nyayo, akaanza kuinama. Moja. Mbili. Tatu.

"Simama," Fundi akasema.

Akasimama pale pale, magoti yamekunjwa nusu, mkewe hewani, shubiri mbili juu ya kiti.

"Nini? Umeumia?"

"Sijaumia. Kaa hivyo hivyo. Kutoka hapa naona mpaka dukani." Akageuza shingo. "Nimekosa kuona watu."

Mapaja ya Winchi yakaanza kuwaka moto, kisha kutetemeka, kisha yakatulia, na yeye mwenyewe hakuamini. Binti akapiga hatua mbele kwenda kusaidia, halafu akasita. Alikuwa ameutazama mkono wa mama yake. Haukuwa shingoni kwa baba, wala haukushika shati, wala kiti, wala ukuta. Mama yake, katikati ya hewa, alikuwa ameuweka mkono wake mzima juu ya nyusi kuzuia jua, na macho yake yote mawili yalikuwa wazi, yanaifuata barabara kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Binti akainama, akaliokota begi, akaanza kulipandisha juu.

"Haya," Fundi akasema alipotosheka. "Malizia."

Winchi akamalizia.